Saa Zilizokosekana Solai

Tarehe 9 Mei 2018 iliangukia Jumatano. Huku kwetu Kamina, katika Haut-Lomami ya Kongo, mvua zilikuwa zimeshaaga, vumbi limeanza kuinuka njiani, na mwenye matofali yake mabichi alikuwa ameshayapanga juani. Kule Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, kilomita 190 hivi kutoka Nairobi, masika ndiyo kwanza yalikuwa yamekaza. Kabla ya hapo watu wa huko walilia ukame. Mwaka huo mbingu ilifunguka Machi na haikufunga tena. Mito ilivunja kingo, barabara zikakatika, zaidi ya watu mia moja walikuwa wamekwisha kufa nchini kote, na waliohama makwao walizidi laki mbili.

Nasimulia usiku ambao bwawa la shamba lilipasuka Solai, kwa wasomaji wa Haut-Lomami, ingawa tuna misiba yetu wenyewe. Treni la mizigo lililoacha reli Katongola, Aprili 2014, likiwa limebeba watu wasio na nafasi ya kukaa, halijasahauliwa mjini hapa. Lakini ukuta uliobomoka Solai haukuwa wa zege, wala haukuwa wa kampuni ya umeme. Haukuwa kama mabwawa yetu ya umeme, haukuwa Inga, haukuwa Nzilo. Ulikuwa udongo uliorundikwa na kushindiliwa ili kuziba kijito cha shambani, na kuta za aina hiyo tunazo tele. Tunazo za mabwawa ya samaki, yaliyoenezwa Katanga tangu enzi ya Wabelgiji, Kipopo karibu na Lubumbashi ilipokuwa kituo cha kuchunguza ufugaji wa samaki. Tunazo barabara za udongo zinazokatiza vijito. Na sisi wa mji wa reli tunayo matuta marefu ambayo treni hupita juu yake kuvuka mabonde.

Nitazifuata saa moja baada ya nyingine, kadiri zinavyojulikana. Msomaji ataona hazilingani. Za baada ya maji ni nyingi, zina mashahidi na hesabu. Za kabla yake ni chache mno, na ndizo zilizonifanya niandike.

Saa kumi na mbili na nusu jioni. Jua linazama. Solai iko jirani na ikweta, na giza la huko halichelewi. Juu, upande wa mlimani, kuna shamba kubwa la kahawa na mazao mengine ya biashara. Maji yake yanatoka katika mabwawa kadhaa yaliyopatikana kwa kuziba mabonde madogo. Chini yake vimejipanga vijiji, Energy na Nyakinyua miongoni mwao, vya wakulima wadogo na vibarua. Siku mbili mfululizo mvua imekuwa nzito, hasa katika msitu ulio juu ya mabwawa. Kesho yake meneja wa shamba atawaeleza waandishi wa habari kwamba maji yalishuka na mawe na mizizi ya miti, vikauharibu ukuta, ukapasuka.

Tuyachukue maneno hayo yalivyo, kisha tuulize swali lisilomo ndani yake: bwawa lilikuwa limebakiza nafasi kiasi gani ya kupokea mvua ya siku mbili? Maana kuna mabwawa ya udongo ya tabia mbili zisizopatana, ingawa kwa macho yanafanana. Bwawa la kumwagilia hupendwa likijaa. Mwenye shamba aliyeonja ukame hufurahi kila maji yanapopanda, na akifika mwisho wa masika bila kujaza, atajuta Desemba. Bwawa la kuzuia mafuriko kazi yake ni kukaa tupu, lingojee. Marekani, kwa sheria ya 1954 na nyingine zilizoitangulia, idara ya kilimo iliwasaidia watu wa mashambani kujenga karibu mabwawa 12,000 ya namna hii kwenye vijito ambavyo hata ramani nyingi hazivitaji. Mengi ni ya udongo. Ndani husimamishwa mnara mfupi wa zege wenye tundu, bomba likapita chini ya ukuta, na maji ya dhoruba yakatoka polepole kwa siku kadhaa, kijito kisije kikashuka chote kwa saa moja. Pembeni huchongwa mfereji mpana uliooteshwa majani, kwa ajili ya ile mvua ambayo bomba haliwezi kuimudu. Siku nyingi za mwaka ukipita hapo utaona malisho na kidimbwi, usidhani kuna bwawa. Na hata hayo yalikusudiwa kuishi miaka 50 hivi, maana yake mengi yameshapitiliza umri wake.

Bwawa lililojaa mpaka shingoni mwezi wa Mei halizuii mafuriko yoyote. Linayaweka akiba.

Saa moja usiku. Huku Kamina ni saa kumi na mbili, kwa kuwa saa zetu ziko nyuma ya za Kenya kwa saa moja. Sijui ni nani aliyekuwa karibu na ukuta ule wakati huo. Ninachoweza kueleza ni namna udongo unavyoshindwa, kwa kuwa haushindwi kwa siri.

Kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni maji kupita juu. Mfereji wa pembeni wa kupunguzia maji ukiwa mwembamba, au ukiwa umezibwa na magogo, maji hupanda hadi utosi wa ukuta na kuanza kumwagikia upande wa nyuma. Mwanzoni ni utando mwembamba, mtoto anaweza kuuvuka. Lakini upande wa nyuma ni mteremko, maji hushika kasi, hung'oa majani, huchimba kishimo karibu na mguu wa ukuta. Kishimo hicho hupanda kurudi nyuma, kikila ukuta kipande kwa kipande, kutoka chini kwenda juu. Kikifika utosini, bwawa zima limepata mlango. Tangu utando ule wa kwanza mpaka hapo zinaweza kupita saa kadhaa, au chini ya moja. Hutegemea udongo ulivyo na ulivyoshindiliwa.

Njia ya pili ni maji kupita ndani. Kila ukuta wa udongo hutoa unyevu kidogo upande wa pili, na hilo si kosa. La kutazama ni rangi. Maji yanayotoka safi yanapita tu. Yakitoka yamechafuka, yanabeba udongo wa ndani ya ukuta, na kila ndoo inayotoka inaacha nafasi kwa ndoo kubwa zaidi. Mizizi ya mti uliokufa hutengeneza njia hiyo. Mchwa nao. Hapa Katanga, ambako kichuguu kinaweza kupita urefu wa nyumba, mtu akijenga tuta juu ya njia za mchwa bila kuchimba na kuziondoa, amejenga na bomba ndani yake.

Katika njia zote mbili kuna jambo la kuonwa kabla ya kishindo: ufa, maji ya tope mguuni mwa ukuta, utosi uliodidimia, mfereji uliozibwa. Linaonwa na mtu mwenye miguu na taa. Halihitaji shahada.

Kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Ukuta unaachia. Ni saa ya chakula. Baadhi ya watoto wameshalala. Walionusurika walisimulia mngurumo uliotangulia maji. Kisha yakaja, na hayakuwa maji peke yake, bali tope, mawe, miti, mabati, na nyumba zilizokwisha kubebwa zikigonga zile ambazo bado zimesimama. Nguzo za umeme zilianguka. Shule ya msingi ilipigwa. Eneo lililofagiliwa lilikuwa kubwa.

Mtu wa Haut-Lomami anaelewa bila kuelezwa sana nyumba zinavyokwenda. Tofali bichi hubeba bati na upepo wa miaka, lakini likisimama ndani ya maji mguu wake hulainika kama mkate kwenye chai, ukuta ukakaa chini na bati likawafuata waliomo. Kwa maji yanayokuja kwa kasi halipati hata muda wa kulainika. Mita moja ya maji kwa mita moja kwa mita moja ni tani nzima, na mguu wa mtu mzima hushindwa kusimama katika maji ya magoti yanayokwenda mbio. Anayekimbia kufuata bonde hukimbia upande ambao maji yenyewe yanakwenda. Mwenye bahati ni yule aliye karibu na kilima akakumbuka kwenda kando.

Hapa ratiba yangu inakatika. Kwa kawaida simulizi la saa kwa saa lina kipande cha katikati: saa ya mtu kuona, saa ya mtu kupiga mbio, saa ya ujumbe kufika au kutofika. Katika yote yaliyosemwa hadharani kuhusu Solai, sijakutana na kipande hicho. Hakuna kengele, hakuna honi, hakuna kijana aliyetumwa kwa pikipiki. Kutoka mvua ya siku mbili tunaruka moja kwa moja hadi maji mlangoni.

Ili kuona ukubwa wa pengo hilo, chukua mkasa wa Johnstown, Pennsylvania, wa tarehe 31 Mei 1889. Huko nako ni ukuta wa udongo juu ya kijito, wenye urefu wa mita 22 hivi kwenda juu. Ulijengwa kulisha mfereji wa meli, ukaachwa, kisha ukanunuliwa na klabu ya matajiri wa Pittsburgh, Andrew Carnegie akiwa mmoja wao, ili wapate ziwa la kuvulia samaki. Mabomba ya kupunguza maji yalikuwa yameshang'olewa na chuma chake kuuzwa. Utosi ulishushwa ili magari ya farasi yapishane. Mfereji wa kupunguzia uliwekewa wavu samaki wasitoroke. Ni orodha inayotia hasira hata baada ya zaidi ya miaka 130.

Lakini zitazame saa zake. Asubuhi wakubwa wa klabu wanaona ziwa linapanda, na vibarua wanaletwa kuongeza udongo utosini na kuchimba njia ya pili ya maji. Karibu saa tano na nusu mhandisi kijana, John Parke, anapanda farasi hadi kituo cha South Fork kuonya bondeni. Ujumbe unapita kwa telegrafu ya reli, zaidi ya mara moja. Wengi mjini wanaupuuza, kwa sababu kila masika waliambiwa ukuta utabomoka na haukubomoka. Yapata saa tisa na dakika kumi alasiri, unabomoka. Dereva wa treni, John Hess, anayasikia maji nyuma yake, anaifunga filimbi ya injini ibaki wazi na kurudi kinyumenyume kuelekea mji wa East Conemaugh huku inalia. Walioisikia wakakimbilia mlimani. Saa kumi na dakika saba maji yanaingia Johnstown, umbali wa kilomita 22. Walikufa watu 2,209.

Kwa hiyo onyo peke yake si dawa. Lakini Johnstown walikuwa na saa tatu na nusu tangu farasi hadi ukuta, na takriban saa nzima tangu ukuta hadi mji, na mwaka ule simu ya mkononi haikuwako. Mwaka 2018 Wakenya walikuwa wakitumiana hadi pesa kwa simu za mfukoni, karibu kila nyumba. Chombo kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu ambaye ni kazi yake kwenda ukutani mvua inaponyesha, na namba anayopaswa kuipiga akiona jambo.

Saa nne, saa tano, usiku wa manane. Sasa saa zinajaa. Majirani walio kando ya njia ya maji wanaingia matopeni kwa mikono. Polisi wanafika, Msalaba Mwekundu wa Kenya unafika, na watu wapatao 40 wanatolewa hai. Gizani tope halioneshi kilichomo. Mwokoaji hufuata sauti, na sauti zikinyamaza hana pa kushika. Majeruhi wanapelekwa hospitalini Nakuru.

Alfajiri ya Alhamisi. Mwanga unaonesha ukanda wa rangi ya kahawia uliokwenda moja kwa moja kati ya mashamba. Miili inapatikana mbali na nyumba ilimolala, mingine katikati ya mibuni. Polisi wanasema wengi ni wanawake na watoto. Hesabu inapanda kutwa nzima, na siku zinazofuata inaendelea kupanda. Itakapoandikwa kwenye hati ya mashtaka itakuwa 48.

Mchana wa tarehe 10. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, yuko Solai. Siku hizohizo Mamlaka ya Rasilimali za Maji inatangaza kwamba bwawa lile na mengine ya shamba hilo hayakuwa na kibali. Mtu anaweza kusoma habari hiyo kama lawama kwa mwenye shamba, na ni haki yake. Mimi naisoma pia kama lawama kwa mamlaka yenyewe, maana bwawa si gunia la bangi la kufichwa uvunguni. Liko juu mlimani, linaonekana na kila apitaye.

Kisha linatokea jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hotuba zote za siku ile. Wakaguzi wanakwenda kwenye bwawa jingine la shamba hilohilo, wanaona nyufa, na wanaamuru maji yapunguzwe. Yakapunguzwa, na ukuta wa pili haukuua mtu. Kumbe inawezekana. Mkaguzi, macho, amri, mfereji: kazi yote ilianza na kushika njia ndani ya siku chache, kwa vifaa vilevile na wakuu walewale waliokuwapo Jumanne.

Mahakamani saa zinageuka miaka. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Noordin Haji, alitaka uchunguzi ukamilike kwa siku 14. Julai 2018 watu tisa, wakiwamo mwenye shamba na maofisa wa serikali, walifikishwa mahakamani Naivasha. Walikana mashtaka ya kuua bila kukusudia. Februari 2020 hakimu aliwaachia kwa kuwa upande wa mashtaka ulishindwa kuiendesha kesi. Baadaye mwaka huohuo Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi huo na kuagiza kesi isikilizwe. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya mafuriko alikuwa ameshajua kuongea.

Ningeweza kuishia hapo, kama si Mai Mahiu. Ni Kenya tena, Nakuru tena, tarehe 29 Aprili 2024, kabla ya mapambazuko. Maji yalishuka kwenye kijiji cha Kamuchiri yakaua makumi ya watu, na habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Wizara ya maji ikasahihisha: halikuwa bwawa. Ilikuwa njia ya maji chini ya tuta la reli, iliyozibwa na magogo, mawe na matope. Maji yalikusanyika nyuma ya tuta mpaka yakapata nguvu ya kutoka yote kwa mara moja.

Habari hiyo niliisoma nikiwa na ramani ya reli yetu mbele yangu. Njia kutoka Bukama ilifika Ilebo, wakati huo Port-Francqui, mwaka 1928. Ile ya kwenda Kabalo ilikamilika 1956. Zote zinakutana Kamina. Kila zinapovuka bonde kuna tuta la udongo, na chini ya kila tuta kuna kalavati lililopimwa na mhandisi aliyeijua mvua ya wakati wake, na aliyekuta miti bado imesimama kwenye miteremko. Leo miteremko mingi imekatwa kwa makaa na mashamba, maji yanashuka haraka zaidi, na yanashuka na visiki. Chini ya matuta hayo, upande wa bondeni, watu wamejenga, kwa sababu ardhi pale ni tambarare na yenye rutuba na haina mwenyewe wa kuwafukuza. Kalavati likizibwa, tuta linakuwa bwawa usiku huohuo, bila mfereji wa kupunguzia, bila kibali cha mamlaka yoyote, na bila mtu kuliita hivyo.

Mvua zinarudi Oktoba. Kuondoa takataka kwenye mdomo wa kalavati ni kazi ya vijana wanne, mapanga, makoleo na kamba, siku moja au mbili kwa kila moja, na ifanyike Septemba wakati bonde ni kavu. Kisha mara moja kila baada ya mvua kubwa, mtu atembee juu ya tuta na mguuni mwake, atazame maji yanatoka na rangi gani. Alipwe. Namba ya simu ya chifu wa mtaa ulio chini ya tuta awe nayo mfukoni, na chifu naye ajue kwamba simu hiyo inaweza kulia saa nane usiku.